Msumari wa Chini

Usiku mvua ilinyesha ikaganda juu ya matawi,
ikaganda tena juu ya kuganda,
hadi mtofaa wa nyuma ya nyumba ukalia mara tatu
na Milojka, kitandani, akahesabu:
moja, mbili, na ile ya tatu ndefu
kama shuka linalochanwa.

Asubuhi ua wote ulikuwa vioo.
Matawi yamelala juu ya kabichi za mwisho,
juu ya kamba ya nguo, na lile kubwa
limejilaza kama daraja
kati ya ukuta wa mawe na banda la sungura.
Sungura wazima. Wanatafuna tu, hawana habari.

Rafko wa nyumba ya pili akapita na msumeno wa injini:
"Dakika ishirini, jirani, nakumalizia."
"Ahsante," akasema, "acha kwanza niutazame mti."
Hakumwambia kwamba ile injini hufukuza ndege,
na humfukuza pia mtu kutoka ndani ya kichwa chake.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.
Labda. Lakini wahenga hawakuwahi kufungua
stoo ya Vinko:
ukuta mzima, kila chombo na msumari wake,
kila msumari na kivuli cha penseli ubaoni,
ili hata mgeni ajue kipi hakijarudi.
Na misumari yote iko juu, kimo cha Vinko
kabla nyonga haijamkalisha dirishani.

Akapanda juu ya ndoo. Akashusha shoka,
kwa kuwa shoka ndilo linalofanana na kazi.
Pigo la kwanza likateleza kwenye barafu
likatua vidole vinne kutoka kwenye buti.

Ko, ko.
Vinko, nyuma ya kioo, anatikisa kichwa.

Haya. Akarudisha shoka, akaja na mkasi wa mikono mirefu.
Vitawi kwanza, vya unene wa kidole gumba,
kach, kach, barafu ikimwagika kama shanga zilizokatika uzi,
mpaka tawi likabaki uchi
na mgongo wake ukaonekana: limepinda vipi,
limeegemea wapi, wapi limebeba
uzito wa kuanguka kwake.

Sasa msumeno wa upinde. Meno mapana, ya mti mbichi.
Akaanzia juu, kwa haraka ya mtu anayetazamwa,
na nusu ya njia tawi likafumba mdomo.
Msumeno ukakwama. Hauendi, haurudi.
Akavuta. Akatukana kwa lahaja ya mama yake.

Ko, ko, ko.

Akageuka ili amfokee.
Vinko alikuwa amenyoosha kiganja kimoja, bapa,
na kwa upande wa kiganja cha pili
alikuwa anakikata, polepole,
kutoka chini.

Kutoka chini.
Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, hakuwahi kumwambia.
Wala yeye hakuwahi kumwuliza.

Akagonga kabari ya mti kwenye ufa, akaukomboa msumeno,
akapiga magoti barafuni, akageuza meno yatazame mbingu,
akakata tumboni mwa tawi bila kusukuma,
sss-haa, sss-haa,
unga mbichi ukimwangukia kwenye mikono ya koti,
harufu ya tofaa lisilowahi kuzaliwa.
Tawi likashuka taratibu,
kama mtu mzima anayetafuta kiti.

Hadi saa nane manene yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya jiko
na maganda mororo wameshapewa sungura.
Akapangusa msumeno, akaupaka mafuta.
Akapanda ndoo. Akasimama pale juu kidogo.
Akashuka.

Akatafuta nyundo na msumari mmoja,
akaupigilia usawa wa bega lake,
akatundika msumeno,
kisha akachora kivuli chake kwa penseli,
mstari wa mkono unaotetemeka kwa uchovu.
Kule juu kivuli cha zamani kikabaki kitupu.
Hakukifuta.

Kutoka nyumbani, baada ya kimya: ko.
Moja tu.
Hakujua maana yake.
Huenda ni chai.